Namna ya kukuza makala ya Wikipedia kuhusu filamu ya kutisha ya Kijapani

Makala nyingi za filamu za kigeni katika Wikipedia ya Kiswahili huishia kwenye sentensi mbili tatu, majina ya waigizaji, na ile taarifa ya chini kabisa isemayo kwamba makala bado ni mbegu, yaani fupi mno na inahitaji kukuzwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuikuza mbegu ya aina hiyo. Mfano wake ni Ringu, filamu iliyoongozwa na Hideo Nakata na kutolewa nchini Japani mwezi Januari 1998.

Kabla ya kubonyeza mahali palipoandikwa Hariri, hakikisha kwanza kwamba filamu uliyo nayo kichwani ndiyo unayotaka kuiandikia. Tahadhari hii si ya bure. Wengi wetu tuliokulia Dodoma tulizijua filamu za kutisha kwenye vibanda umiza, huku sauti ya mtafsiri ikizifunika sauti za waigizaji, naye mtafsiri, kwa kuwa kazi yake ni kuwachangamsha waliolipa kiingilio, alikuwa akiongeza visa ambavyo havimo kabisa katika filamu. Isitoshe, mara nyingi kanda iliyokuwa ndani ya deki haikuwa ya Kijapani, bali ile iliyotengenezwa upya Marekani na Gore Verbinski mwaka 2002. Mimi mwenyewe, katika muhtasari wangu wa kwanza, nilimweka farasi anayejitupa baharini kutoka kwenye kivuko, na ilinibidi kuufuta nilipogundua kwamba farasi huyo ni wa Marekani. Katika Ringu hakuna farasi. Kuna Shizuko Yamamura wa kisiwa cha Izu Ōshima, mwanamke aliyetabiri mlipuko wa volkano ya Mihara, na kuna binti yake Sadako. Samara, ambaye ndiye Sadako wa filamu ya Marekani, anatupwa kisimani na mama aliyemlea, ilhali Sadako anatupwa na Daktari Ikuma, mwanamume aliyehusiana na mama yake. Makala inayochanganya mambo haya ni bora ingebaki mbegu.

Kwa hiyo itazame filamu upya, tangu mwanzo hadi mwisho, ukiwa na daftari. Ina urefu wa saa moja na nusu hivi, na anayehesabu bando lake atafanya vyema kuipakua mara moja kutoka mahali halali kuliko kuirudia mtandaoni kila anaposahau jina. Andika muhtasari wa hadithi kwa wakati uliopo: mwandishi wa habari Reiko Asakawa anachunguza kanda ya video ambayo kila anayeitazama hufa baada ya siku saba, anaitazama yeye mwenyewe, kisha anamwomba Ryuji Takayama, aliyekuwa mume wake, amsaidie kabla muda haujaisha. Mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza unapendekeza maneno kati ya 400 na 700 kwa sehemu hii, na kipimo hicho kinatufaa. Usiufiche mwisho wa hadithi kwa kuwahurumia ambao hawajaitazama, kwa maana kamusi elezo si tangazo la sinema. Sehemu hii haihitaji tanbihi, kwa sababu filamu yenyewe ndiyo ushahidi. Lakini pindi unapoandika kwamba kanda ile ni ishara ya hofu ya Wajapani juu ya teknolojia, umekwisha kutoka katika kusimulia na kuingia katika kufasiri, na hapo sharti umtaje mhakiki aliyesema hivyo, la sivyo sentensi iondoke.

Jambo linalomchosha zaidi mhariri wa Kiswahili ni maneno yenyewe. Sadako ni nani kwa lugha yetu? Watafsiri wa vibanda walimwita jini, lakini jini kwa imani ya wengi ni kiumbe aliyeumbwa hivyo, hajawahi kuwa binadamu, wakati Sadako ni mtu aliyeuawa na kurudi. Pepo humpanda mtu na huweza kupungwa, jambo ambalo halitokei katika hadithi hii. Kizuka hutokea tu na kutisha. Neno mzimu ndilo lililo karibu zaidi, kwa kuwa linamhusu marehemu, ila nalo linabeba heshima ya wahenga wanaotambikiwa, na Sadako hana ukoo unaomtambikia. Wajapani wana neno onryō, yaani roho ya marehemu aliyedhulumiwa ambayo hurudi kulipiza kisasi, nami naona inafaa kuliandika neno hilo mara moja pamoja na maelezo yake, kisha kuendelea na mzimu katika makala yote. Mhariri mwingine anaweza kuchagua tofauti. Kisichokubalika ni kumwita jini katika aya ya kwanza na shetani katika ya tatu. Kwa vifaa hakuna shida, kwani kanda na deki bado vinaeleweka, ingawa msomaji aliyezaliwa wakati wa simu janja huenda akahitaji nusu sentensi ya kumweleza deki ni nini.

Sehemu ya utengenezaji ndiyo inayoitofautisha makala nzuri na tangazo. Eleza kwamba hadithi inatokana na riwaya ya Kōji Suzuki iliyochapishwa mwaka 1991, ambamo mhusika mkuu ni mwanamume, na kwamba mwandishi wa mswada wa filamu, Hiroshi Takahashi, alimgeuza kuwa mama mwenye mtoto mdogo; mabadiliko hayo peke yake yanastahili aya nzima, maana ndiyo yanayoupa uamuzi wa mwisho wa Reiko uzito wake. Muziki ni wa Kenji Kawai. Mwendo ule wa kukatikakatika wa Sadako anapotoka kisimani ulipatikana kwa mwigizaji Rie Inō kutembea kinyumenyume, kisha picha zikachezwa kuanzia mwisho. Filamu ilionyeshwa sambamba na Rasen, iliyotokana na riwaya iliyofuata ya Suzuki.

Kila dai la namna hii liwekewe chanzo: kitabu, gazeti, jarida au mahojiano na watengenezaji. IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, hujazwa na watumiaji wake, hivyo haitoshi kuwa ushahidi wa jambo lenye utata. Aliyeko Dodoma aanzie maktaba ya mkoa, au amwombe rafiki aliye Chuo Kikuu cha Dodoma amtafutie makala za kitaaluma. Maneno kama "filamu ya kutisha kuliko zote" yaandikwe tu pamoja na jina la aliyeyasema.

Ukitafsiri kutoka Wikipedia ya lugha nyingine, taja lugha na makala hiyo katika muhtasari wa uhariri, kwa kuwa leseni ya Wikipedia inadai waandishi wa awali watambuliwe, na uhakiki tanbihi zake badala ya kuzinakili kwa imani. Bango la filamu usilipakie Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, kwani huko hawapokei picha zenye hakimiliki zisizotolewa kwa leseni huru. Ongeza jamii zinazofaa, yaani makundi ya makala zinazofanana, unganisha ukurasa na Wikidata, hifadhidata inayounganisha makala za lugha mbalimbali, na uondoe alama ya mbegu ikiwa kweli makala imekua. Halafu fungua ukurasa wa Majadiliano, uandike kwa ufupi kwa nini ulichagua mzimu ukaacha jini, ili atakayekuja kubadilisha ajue kuna hoja ya kujibu.