Jarida la karatasi + plastiki = ramani ya meza nzima

Kwa nyie mnaocheza gemu za mezani hapa Kampala, hizi za dadu na vijisanamu, kama jarida la gemu hizo (mfano White Dwarf la Uingereza, lipo tangu 1977) linatoka kwa karatasi na kwa PDF chukueni la karatasi, halafu siku ya kucheza funikeni ukurasa wenye ramani ya kuchezea na ile plastiki ngumu inayoonyesha, ya kufunikia ripoti, pale Nasser Road mtaa wa uchapaji zimejaa, mnachora juu yake kwa maka ya waitibodi. Inasaidia sana kwa sababu wote mnaona ramani moja kwa pamoja, nani kasimama mlangoni, moto umefika wapi, lakini kwa simu kila mtu anavuta kipande chake kwa vidole na umeme ukikatika chaji ikiwa chini basi gemu imeishia hapo. Pia vipimo: mraba wa inchi 1 kwa karatasi ni inchi 1 kweli, PDF ukiiprinti kwa A4 printa inaweza kuipunguza kidogo na vijisanamu vinabanana. Mkimaliza pangusa na kitambaa kikavu, ukurasa unabaki safi kabisa.

Haifanyi kazi kama ramani imevuka katikati ya jarida pale kwenye pini zinazoshika kurasa, plastiki inanyanyuka na mistari inahama. Maka ya permanenti hapana kabisa. Na sheria za gemu zikirekebishwa karatasi haijui, hayo marekebisho yatafute mtandaoni uyaandike kwa penseli pembeni.