Namna ya kupima maendeleo ya kusoma darasa la tatu

Mwanafunzi anaweza kuwa wa 70 kati ya 82 mwezi Februari, na Mei akawa wa 70 tena, ilhali usomaji wake umepanda kutoka maneno 12 kwa dakika hadi 31. Ripoti yenye nafasi peke yake itamwonyesha mzazi kwamba mtoto amesimama palepale. Hiyo ni dhuluma kwa mtoto na kwa mwalimu aliyemfikisha hapo. Kando ya mitihani ya muhula, kila shule iwe na kipimo kinachomlinganisha mtoto na alikotoka. Darasa la tatu ni mahali pazuri pa kuanzia, maana mwaka unaofuata kuna upimaji wa kitaifa, na asiyeweza kusoma hukwama hata kwenye swali la hisabati.

Andaa karatasi tatu zenye ugumu unaolingana: ya Februari, ya Mei kabla ya likizo, na ya Novemba. Kila moja iwe na silabi 10, maneno 10, na hadithi ya maneno 60 yenye maswali matatu. Kwenye silabi usiishie ba, ka na ma. Weka mba, nya, ng'o, dha na kwe, kwani hapo ndipo wengi hukwama. Hadithi usiitoe kwenye kitabu cha kiada. Kurasa zile huitikiwa darasani mpaka zikakaririwa. Ukiwa na shaka, funika mstari mmoja kwa rula: anayeendelea kuusoma bila kusita ameukariri.

Mwite mtoto mmoja mmoja, chini ya mti au ofisini, mbali na wenzake wanaongoja zamu. Wakisikia, wa mwisho watakuja wanaijua hadithi. Kila mtoto huchukua kama dakika tatu. Kwa darasa la watoto 80 hizo ni saa nne, kwa hiyo pima 16 kwa siku, siku tano, usijaribu kuwamaliza kwa mkupuo.

Anza na hadithi. Washa saa ya simu anapotamka neno la kwanza. Kosa ni neno alilolisoma vibaya, alilolibadilisha, aliloliruka, au alilolinyamazia kwa sekunde tatu; hapo mwambie aendelee na linalofuata. Akijirekebisha mwenyewe, mhesabie kuwa amepata. Anayetamka l badala ya r kila mahali kwa sababu ya lugha ya nyumbani hajakosea kusoma. Dakika ikiisha, toa makosa: amefika neno la 34, makosa 6, amepata 28. Akimaliza mapema, zidisha maneno sahihi kwa 60, ugawe kwa sekunde alizotumia. Kisha muulize maswali. Asiyeweza hata sentensi ya kwanza, mshushe kwenye maneno, halafu silabi.

Daftarini andika jina, tarehe, ngazi (silabi, maneno, hadithi), maneno sahihi kwa dakika, majibu sahihi na aina ya makosa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo walimu huiacha wazi, nayo ndiyo inayokuambia ufundishe nini Jumatatu. „Anachanganya b na d" inafaa kuliko „dhaifu". Asome haraka bila kujibu swali hata moja? Huyo anahitaji mazungumzo juu ya anachokisoma, kasi anayo tayari.

Wanaokosekana siku ya kupima wapimwe wakirudi. Mara nyingi ndio walio nyuma zaidi kwa utoro, na ukiwaacha wastani wa darasa utapanda kwa uongo. Unapolinganisha Februari na Mei, tumia wale tu waliopimwa mara zote mbili. Majina ya waliohamia yaandike kwenye ukurasa wao.

Baada ya hapo wapange kwa ngazi, si kwa viti vyao, angalau nusu saa kila siku: wa silabi waunde maneno kwa kadi, wa maneno wasome sentensi fupi, wa hadithi wasome wawiliwawili na kuulizana maswali. Kikao cha wazazi kikifika, mwite mtoto asome aya moja mbele ya mzazi wake, kisha fungua daftari umwonyeshe alichoweza Februari.