Somo: Mwanao anaonewa bwenini, fanya hivi

Shule zikifungua Januari na Julai napokea swali lile lile: "Mwalimu, mwanangu anaonewa bwenini, nifanyeje?" Nimekuwa mwalimu wa malezi miaka 11. Naandika yote hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Msikilize mpaka amalize. Usimwambie "na wewe ungempiga."

2. Andika: siku, saa, mahali, nani alikuwepo. Tumia maneno yake mwenyewe.

3. Kagua vitu vyake. Mtoto anaweza kuficha, vitu havifichi. Niliwahi kumkuta njuka mmoja (mgeni wa kidato cha kwanza) jina lake kwenye ndoo limekwanguliwa kwa wembe na juu yake limeandikwa la mtu wa kidato cha nne. Yeye alikuwa anaogea kopo la rangi. Na alikuwa analala na viatu miguuni, visije vikachukuliwa.

4. Nenda shuleni mwenyewe na maandishi yako. Simu haitoshi. Omba taarifa iingizwe kwenye kitabu cha matukio, uone ikiandikwa.

5. Mwanao na wanaomwonea wasikutanishwe. Hapa niliwahi kuharibu, na mtoto ndiye aliyelipa. Kijana wa kidato cha kwanza aliniambia kuna watatu wanamtuma maji usiku na wanampiga akichelewa. Nikawaita wote ofisini, nikamwambia aseme mbele yao. Akatazama sakafu. "Tulikuwa tunataniana, mwalimu." Wakashikana mikono, nami nikaandika "limekwisha." Usiku ule taa zilipozimwa wakamwaga maji kwenye godoro lake, akalala chini. Hakuniambia tena. Wiki tatu baadaye mlezi wa bweni aligeuza lile godoro akakuta limeota ukungu. Kusuluhisha ni kwa watu waliogombana wakiwa na nguvu sawa. Anayeonewa hakugombana na mtu.

Kwa hiyo, mzazi, shikilia haya: kila mmoja ahojiwe peke yake. Jina la mtoto lisitajwe mstarini. Asikabidhiwe kwa kiranja kabla haijajulikana kama kiranja naye hayumo. Wa kuhamishwa bweni ni aliyeonea, na ahamishwe kabla ya usiku wa siku hiyo hiyo. Mkiambiwa "tutalishughulikia wiki ijayo", ulizeni leo atalala wapi.

6. Muulize hali ya moyo wake. Ukiona hali chakula, halali usingizi, ameacha marafiki, anaumwa tumbo kila siku ya kurudi shule: muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru au kufa. Kuuliza hakuweki wazo hilo kichwani mwake. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo.

7. Shule ikinyamaza, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba ya kumsaidia mtoto ni 116, bure. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe, kwa hiyo hata jirani anaweza kwenda.

MASWALI

Baba Wawili: Sijasoma yote, nina haraka. Nimpigie nani?
— Hatua ya 4 na ya 7. Soma na ya 5 kabla hujaingia ofisini kwao.

Mkongwe: Sisi tuliteka maji, tulipigwa, na tumekuwa watu. Mnawadekeza.
— Walioacha shule muhula wa kwanza kwa sababu ya vipigo hivyo hawapo hapa kukujibu. Mimi nimewafungia watoto mizigo yao wakiondoka. Sitaendelea na hili.

Mama Tatu: Mwalimu shikamoo. Mimi nimeitwa shuleni, mwanangu ndiye anayeonea wenzake. Naona aibu, sijui nianzie wapi.
— Marahaba mama, asante kwa kuuliza. Usianze na fimbo, atajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga, na hilo tayari analijua. Muulize yeye alifanyiwa nini alipokuwa njuka. Wengi niliowahoji walikuwa wakirudisha yaliyowapata. Kisha arudishe alichochukua, kitu kwa kitu, kupitia kwa mwalimu, asiende mwenyewe kwa yule mtoto. Omba mwalimu wa unasihi amwone zaidi ya mara moja. Na wewe mtembelee kila siku ya wazazi, hata kama matokeo yake ni mazuri.

Mama Tatu: Alipigwa sana kidato cha kwanza. Hakuwahi kuniambia mpaka jana usiku.
— Basi ameanza kusema. Endelea kumsikiliza. Na hilo nalo liandike, ulipeleke shuleni.

Fundi Ndoo: Nje ya mada kidogo: jina la kalamu linafutika. Chukua msumari, uupashe moto, andika jina chini ya ndoo na ndani ya mfuniko.
— Kweli kabisa, na kwenye beseni pia. Msumari ushikwe kwa koleo. Tranka lipigwe jina kwa rangi ndani ya kifuniko, na ufunguo wa pili wa kufuli akabidhiwe mlezi wa bweni, usikae chini ya godoro.