SOMO: Jinsi ya kupanga azimio la kazi la darasa la awali (chekechea) hatua kwa hatua

Habari zenu walimu na wenye vituo. Kila ikikaribia Januari naona watu wanaombana maazimio, yaani mipango ya kufundishia ya mwaka, kwenye magrupu ya WhatsApp, unatumiwa faili la mtu wa Mbeya wewe uko Tandika, unabadilisha jina la shule unaprinti basi kazi imeisha. Halafu mwezi wa tatu unashangaa mbona watoto wanaimba a mpaka z vizuri tu ila ukiwaonyesha herufi moja peke yake hawaijui. Leo tupange la kwetu.

Hatua ya 1: Muhtasari sahihi
Tafuta muhtasari (kijitabu rasmi cha yale ya kufundisha) wa awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania, ule wa mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024. Wa 2016 weka pembeni, bado unazunguka sana mitandaoni na watu wanauchukua bila kuangalia mwaka.

Hatua ya 2: Panga siku kabla hujapanga mwaka
Hapa ndo wengi tunaparuka. Kipindi cha awali ni dakika 20, na mtoto wa miaka mitano hata hizo 20 akiwa amekaa kwenye mkeka anasikiliza tu ni nyingi mno. Kwa hiyo changanya, kikao kifupi halafu mwendo, kikao tena halafu nje. Mi naanza saa mbili na duara: salamu, wimbo, nani hayupo leo, hali ya hewa ikoje. Kisha sauti na herufi wakiwa bado na akili mpya, baadaye hesabu kwa vitu vya kushika, uji, michezo nje, kona (sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunzia), hadithi, nyumbani. Mpangilio usibadilike badilike, mtoto akishaujua hata kulia kunapungua.

Hatua ya 3: Wiki moja mada moja
Tuseme wiki ya sokoni. Usiandike tu "mtoto aweze kutaja vitu vya sokoni", andika atafanya nini. Jumatatu wanaongea, nani ameenda sokoni na mama, aliona nini. Jumanne unaleta nyanya, vitunguu na ndimu halisi, wanapanga kwa rangi na kwa ukubwa. Jumatano hesabu: sahani tano, kila sahani nyanya moja, na hapo ukimwangalia mtoto vizuri utaona, kuna ambaye anahesabu moja mpaka kumi kama kasuku lakini sahani moja anaweka mbili nyingine anairuka, huyo namba bado hajaielewa na ukimpa daftari aandike 5 mistari mitatu hutamsaidia kitu. Alhamisi wanacheza duka, vizibo vya soda ndo hela. Ijumaa wanachora au wanafinyanga matunda kwa udongo, na huo udongo unaandaa vidole vya kushika penseli kuliko kuburuza nukta nukta asubuhi nzima.

Sauti ya wiki iwe m, iende na mada: maembe, maji, maboga. Tamka sauti yenyewe mmm, sio "ema". Na usianze na mtu au mti maana pale m inasimama peke yake bila irabu, mtoto anayejifunza kuunganisha m na a kuwa ma utamvuruga. Irabu a e i o u ziwe zimeshatangulia.

Hatua ya 4: Kona
Huhitaji hela nyingi. Mabunzi ya mahindi, makopo, maboksi, kanga ya zamani kwa kona ya nyumbani. Badilisha vitu kulingana na mada la sivyo wanazoea.

Hatua ya 5: Kupima
Hakuna mtihani. Kuwa na daftari dogo, kila siku chagua watoto wachache uwaangalie, andika ulichokiona na tarehe. Ijumaa ukikuta wengi hawajashika, wiki ijayo rudia, azimio sio msahafu.

MASWALI

Swali: Madam shikamoo, wazazi wa kwangu wanataka daftari lijae na homuweki kila siku, bila hivyo wanahamisha mtoto. Nifanyaje?
Jibu: Marahaba. Waite siku moja wakae ndani ya darasa waone lile zoezi la sahani. Homuweki wape ya mdomo, kwa mfano mtoto ahesabu vijiko nyumbani au alete kitu chenye sauti ya wiki.

Swali: Mwalimu wewe una darasa dogo, mimi niko peke yangu na watoto 90, hizo kona nitaziweza?
Jibu: Pole ndugu yangu, utaratibu unasema watoto 25 kwa mwalimu lakini hali tunaijua. Kona zote kwa pamoja sahau. Gawa makundi, moja linakuwa na wewe kwenye sauti, mengine yana udongo, vizibo na michoro, kesho unazungusha. Viongozi wa makundi uwafundishe kugawa na kukusanya vifaa mapema, ikibidi wiki mbili za kwanza ziwe za hilo tu.

Swali: Niko Kenya, nafunza PP1, hii itanifaa ama ni ya Tanzania pekee?
Jibu: Wiki ya sokoni ichukue ilivyo. Muhtasari fuata wa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, na kwa kuwa nyie awali yenu ni miaka miwili, PP1 na PP2, usikimbilie kuandika, PP1 ibaki zaidi kwenye mdomo, masikio na vidole. Na mna mihula mitatu, kwa hiyo gawa mada upya.

Swali: Na mtoto wa miaka mitatu nimuweke humo humo?
Jibu: Hapana, mwache acheze kwenye kona, kwenye kikao cha sauti asilazimishwe.