Chả lụa, soseji ya nguruwe ya Vietnam: jinsi ya kuipika na kuila

Hanoi na kaskazini kote wanaiita giò lụa, Saigon na kusini wanasema chả lụa, kitu ni kilekile: nyama ya nguruwe iliyosagwa mpaka ikawa laini kabisa na kunata, ikafungwa majani ya mgomba ikachemshwa. Haijazwi kwenye utumbo. Na kinachoamua itoke nzuri au iharibike ni ubaridi wa nyama, kwahiyo kama friza yako haigandishi vizuri usianze leo.

Chukua kilo moja ya mnofu wa paja, toa mishipa na utando wote, katakata vidogo. Changanya na nước mắm, ule mchuzi wa chumvi unaotokana na samaki, vijiko 3 vya chakula, sukari kijiko 1, wanga wa viazi vijiko 2, mafuta ya kula vijiko 3, beking pauda vijiko 2 vya chai na pilipili manga. Tandaza kwenye mfuko, weka friza mpaka vipande vianze kukakamaa, alafu saga kidogo kidogo huku unaongeza maji ya barafu vijiko viwili vitatu. Ukishika mashine ukasikia imepata joto simama hapohapo, rudisha nyama friza, endelea baadae, maana nyama ikishapata joto inaachia maji na mafuta na soseji yako itakatika chengachenga. Ikiwa tayari inang'aa, rangi ni pinki iliyopauka, na ukigeuza mwiko chini juu haidondoki.

Zamani walitwanga kwenye kinu nguruwe akiwa ndo kwanza amechinjwa, nyama bado ya moto, kwasababu kabla haijakakamaa inashikana yenyewe. Kijiji cha Ước Lễ pale Hanoi kinajulikana kwa kazi hii mpaka leo. Sisi wa nyama ya buchani tunategemea barafu.

Majani babua motoni yalainike yasipasuke, futa, panga tabaka mbili tatu, weka nyama, viringisha na kaza kamba kwelikweli, hewa isibaki ndani. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka, juu weka sahani iizuie kuelea, kilo moja ipe kama lisaa limoja na kidogo. Toa, iache ipoe kabisa ndo ukate. Ukiona vitundu vidogovidogo kwenye kipande usishtuke, hiyo ndo nzuri. Kuna wauzaji wanatia boraksi, kemikali ya unga mweupe, ili iwe ngumungumu na ya kudunda ukiitafuna, Vietnam kwenyewe imepigwa marufuku kwenye chakula, na ukisaga nyama ya baridi wala huihitaji.

Kuila sasa. Kipande kinene, chovya kwenye nước mắm yenye pilipili manga, basi. Asubuhi wanaila na bánh cuốn, zile chapati nyembamba za mchele zinazopikwa kwa mvuke, au juu ya xôi, wali wa kunata. Kwenye bánh mì, mkate wa Vietnam unaopasuliwa na kujazwa vitu ndani, inakaa na pate (ini lililosagwa laini la kupaka), karoti ya siki, giligilani na pilipili mbichi, na kwangu mimi hapo ndo inapendeza zaidi. Sikukuu ya Tết, mwaka mpya wa Vietnam, inawekwa mezani pamoja na bánh chưng, keki ya mchele wa kunata iliyofungwa kwenye majani.

Kwenye friji inakaa wiki hivi ikiwa bado kwenye majani yake. Friza usiiweke, ikiyeyuka inakuwa kavu. Ikibaki kidogo kaanga mpaka iwe kahawia, kula na wali. Usiyekula nguruwe tumia kuku, hata Vietnam wanatengeneza ya kuku, hatua ni hizihizi.