Kukagua faili la mkopo wa nyumba: anza na tarehe

Mkaguzi mgeni akipewa faili la mkopo wa nyumba hukimbilia mshahara na riba. Mimi huanza na tarehe. Chukua karatasi tupu uandike: maombi yalipokelewa lini, mteja alipewa lini maelezo ya gharama zote, tathmini ya nyumba, upekuzi wa hati miliki (kuangalia kwenye usajili wa ardhi kama nyumba ina madai ya wengine), uamuzi wa kamati, kusaini, fedha kutoka. Zitoe kwenye nyaraka zenyewe. Muhtasari ulio mwanzoni mwa faili huandikwa na mtu anayetaka mkopo upite.

Sasa zisome. Kamati imeidhinisha Jumatatu na mthamini amesaini ripoti Alhamisi? Basi uamuzi ulitangulia, ushahidi ukatafutwa baadaye. Upekuzi wa hati ulifanyika miezi kadhaa kabla ya fedha kutoka? Hapo katikati rehani nyingine au zuio linaweza kuwa limesajiliwa, kwa hiyo dai upekuzi mpya. Maelezo ya gharama nayo yana muda wake kisheria. Marekani, kwa mikopo mingi ya nyumba, mteja lazima awe amepokea taarifa ya mwisho ya gharama angalau siku 3 za kazi kabla ya kusaini. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo ya mwaka 2014, unataka mkopaji apate angalau siku 7 za kutafakari au za kujitoa. Tafuta kanuni ya mdhibiti wako, kisha hesabu kwa kalenda mkononi. Siku za kazi na siku za kawaida huchanganywa mno.

Kipato hakichukui muda mrefu ukijua pa kutazama. Linganisha hati ya mshahara na kilichoingia benki. Kiasi kikubwa kilichoingia ghafla kabla ya maombi kiulizie chanzo: huenda malipo ya awali yenyewe yamekopwa kwingine, au ni suala la utakatishaji fedha. Halafu piga hesabu upya mwenyewe. Ikiwa riba inabadilika, jaribu kuipandisha. Mkopo wa miaka 20 ukitoka riba ya asilimia 8 hadi 11 tangu mwanzo, rejesho la mwezi huongezeka kwa takriban asilimia 23. Aliyekuwa akitoa asilimia 40 ya kipato sasa anatoa 49. Je, atakula nini?

Uwiano wa mkopo na thamani ya nyumba upime kwa bei ya ununuzi au tathmini, ile iliyo ndogo. Na uliza nani alimchagua mthamini. Ikiwa aliyemchagua ni afisa mauzo, na tathmini za mthamini huyo kila mara zinalingana kabisa na bei ya mkataba, ripoti hizo hazina uzito kwangu.

Usikague waliokubaliwa tu. Vuta na mafaili yaliyokataliwa, uweke pamoja waombaji wawili wenye kipato na madeni yanayokaribiana. Mmoja alipewa msamaha wa masharti, mwingine hakupewa. Sababu iko wapi kwa maandishi? Ubaguzi hauandikwi kwenye sera, hujificha kwenye misamaha.

Hoja yako ya ukaguzi, yaani kasoro unayoiandika, iwe fupi: kilichoonekana, ukurasa, kifungu kilichovunjwa, nani anarekebisha na lini. Jibu la “tutalifanyia kazi” usilipokee. Hoja ya upekuzi huifunga pale tu nakala ya upekuzi mpya inapokuwa ndani ya faili.