Bwawa la shambani: piga hesabu ya maji yatakavyotoka

Mwenye shamba anayetaka bwawa huanza karibu kila mara na swali la maji yatapatikana wapi. Kwa Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, swali hilo linatisha kuliko jibu lake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mteremko wa ekari nne ukipata mvua moja nzito ya milimita 30, na robo tu ya maji hayo ikatiririka, unapata lita 120,000 hivi. Mvua tatu za namna hiyo hujaza bwawa la kutosha familia, mifugo michache na bustani ndogo.

Kwa hiyo maji yataingia. Kinachowashinda wengi ni kuyafikisha Novemba. Maji hutoka bwawani kwa njia tatu: hupenya chini, hupanda na jua, na siku ya mvua kubwa hupita juu ya tuta na kuondoka nalo. Zifikirie hizo tatu kabla hujachimba. Mengine yote, yaani samaki, kivuli na benchi la kupungia upepo jioni, yana nafasi ya kurekebishwa baadaye.

Kabla ya katapila kuja

Usichague mahali kwa kutazama mandhari. Wanaojenga nyumba za mapumziko huko Chamwino na Bahi wanapenda maji yaonekane kutoka barazani, na si dhambi, lakini udongo ndio wenye kauli ya mwisho. Chimba shimo la kipimo, kina cha mita moja au zaidi. Chukua udongo wa chini kabisa, ulowanishe kidogo, finyanga donge kama ngumi, lirushe juu na ulidake. Likisambaratika mkononi, umeshika mchanga. Likibaki zima, jaza shimo maji asubuhi hadi ukingoni. Jioni yatakuwa yamepungua kwa sababu kuta zilikuwa kavu. Jaza tena, funika kwa matawi, na uje kesho yake asubuhi. Ukikuta maji mengi bado yamo, mahali hapo panafaa. Rudia sehemu tatu au nne za eneo lako, maana mkanda mmoja tu wa mchanga unaweza kumaliza bwawa zima.

Udongo mweusi wa mbuga hushika maji vizuri sana ukiwa umelowa, ila ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Tuta la udongo huo mtupu ni hatari: mvua za kwanza huingia nyufani na kulichana. Lifunike kwa tabaka nene la udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Kwenye ardhi ya kichanga, tafuta udongo wa kichuguu, uleule wa kusiriba sakafu na kufyatulia matofali. Ukiutandaza chini ya bwawa na kuushindilia ukiwa na unyevu, huziba vizuri.

Tuta halijengwi juu ya nyasi. Kwanza ondoa udongo wa juu wenye mizizi na uuweke kando, utauhitaji baadaye. Kisha chimba mtaro kufuata mstari wa tuta hadi ufike kwenye udongo mgumu usiopitisha maji, ujaze mfinyanzi, ndipo upandishe tuta kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ikishindiliwa. Dereva wa katapila atakuambia kupita kwake juu kunatosha. Minyororo ya katapila hutandaza uzito, na udongo ukiwa mkavu kama unga hata apite mara ngapi haushikani. Ulowanishe, na kama una ng'ombe wazungushe juu ya tabaka. Kwato zao hushindilia kuliko watu wanavyodhani. Kuta za bwawa ziteremke taratibu: kwa kila mita moja ya kina weka mita mbili za mlalo, na kwenye kichanga weka tatu.

Plastiki ya kutandika bwawani huzuia maji kupenya, na mahali pengine haina mbadala. Lakini ni ghali, kwato huitoboa, na ikilowa huteleza kiasi kwamba mtu mzima aliyetumbukia hushindwa kupanda. Ukiitumia, funga kamba zenye mafundo pande zote nne, ncha zikiwa ndani ya maji.

Jua hunywa kuliko ng'ombe

Hapa ndipo hesabu za wengi hupotea. Chukua bwawa la mita 20 kwa 15, kina mita 2. Ukizidisha haraka utasema mita za ujazo 600. Kwa kuwa kuta zinateremka, sakafu ni mita 12 kwa 7 tu, na ujazo halisi ni kama 363. Sasa jua na upepo wa kiangazi wakichukua milimita 6 kwa siku, bwawa likiwa limejaa linapoteza lita 1,800 kila siku. Ng'ombe kumi wakinywa lita 30 kila mmoja wanamaliza lita 300.

Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni siku zaidi ya 210. Kina kitakachopotea ni mita 1.26, na kitakachobaki ni kama mita za ujazo 85, hapo hujachota hata ndoo moja. Bwawa lilelile, juu ya ardhi ukubwa uleule, likichimbwa mita 3, linaongeza mita za ujazo 51, na zote 51 zinakuwepo Novemba kwa sababu ziko chini, mbali na jua. Ushauri wangu basi ni kwamba pesa zikiwa chache, punguza upana na uongeze kina. Bwawa pana lenye kina kifupi linapendeza kwenye picha ya Aprili.

Upepo wa kiangazi huku huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Safu ya miti upande huo hupunguza maji yanayopotea na kukupa kivuli. Migunga, mikwaju na mwarobaini zinafaa, ila zikae mita 10 au zaidi kutoka kwenye tuta. Mti juu ya tuta ni adui: mizizi ikifa na kuoza huacha njia za maji, na mchwa hufuata. Juu ya tuta rudisha ule udongo wa juu uliouweka kando, upande ukoka, basi. Mkaratusi usiupande popote karibu na bwawa.

Utoro wa maji si bomba

Tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake halina saa nyingi. Ndiyo maana kila bwawa lenye tuta lina utoro wa maji, njia pana iliyo chini ya kimo cha tuta kwa angalau sentimita 50, ikipita kwenye ardhi ya asili pembeni, siyo juu ya udongo uliojazwa. Uoteshe nyasi na uufanye mpana na bapa ili maji yatoke polepole. Watu hupenda kuweka bomba la inchi sita ndani ya tuta na kuliita utoro. Tawi moja na furushi la nyasi huliziba usiku wa mvua, na asubuhi hakuna tuta.

Kosa jingine ni kufunga wavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Wavu hunasa takataka, maji hupanda, na yaleyale hutokea. Afadhali kupoteza samaki.

Tope nalo ni mwizi wa taratibu. Watafiti waliochunguza mabwawa ya Ikowa, Msalatu na Matumbulu, karibu na Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuta yakijaa tope kwa kasi kutoka kwenye miteremko iliyolimwa na kuchungiwa bila kinga. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vya Kondoa vilivyomomonyoka. Kwako wewe dawa ni ndogo zaidi: makinga maji mteremkoni, ukanda wa nyasi wa mita kumi hivi kabla ya bwawa, na shimo la kunasia tope pale maji yanapoingilia.

Kuhusu sheria, ukizuia kijito au mto, hata wa msimu, unahitaji kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Mkoa wa Dodoma umegawanyika: sehemu ziko Wami/Ruvu, sehemu Bonde la Kati, sehemu Rufiji. Ulizia kwanza uko bonde lipi. Kumbuka pia zuio la shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, lililomo kwenye sheria ya mazingira ya mwaka 2004.

Kukaa kando ya maji

Bwawa la kufurahiwa ni la kutazamwa, kuvuliwa na kukaliwa kando. Kuogelea sikushauri. Kichocho huishi kwenye mabwawa ya namna hii: vimelea hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya majini, hupenya ngozi, na hutoka kwa wingi zaidi saa za jua kali. Ng'oa majani ya ukingoni, jenga choo mbali na mteremko unaoingia bwawani, na asijisaidie mtu majini. Maji ya kazi yavutwe kwa pampu au bomba, watu wasiingie na ndoo. Mifugo inywee kwenye birika nje ya uzio. Ng'ombe wakiingia bwawani huharibu kingo, na mashimo ya kwato yenye maji na jua ndiyo mbu wa malaria wanayoyapenda kuliko bwawa lenyewe, ambamo perege huwala viluwiluwi wao.

Uzio ni wa lazima pale penye watoto, hata uwe wa miiba.

Kwa samaki, chagua kwa kufuata kina cha Novemba. Kama una hakika ya mita moja wakati maji yako chini kabisa, weka perege au sato, wawili au watatu kwa mita ya mraba, na ukipata vifaranga vya madume watupu ni bora, kwa sababu madume na majike wakichanganyika huzaana hadi bwawa likajaa samaki wa ukubwa wa kidole. Kama maji hushuka kuliko hapo, chukua kambale. Huvuta hewa ya juu na huvumilia tope. Vifaranga tafuta kwenye vituo vinavyotambulika, kama kile cha serikali cha Kingolwira, Morogoro, si kutoka ndoo ya mtu mnadani. Samadi kidogo hufanya maji yawe ya kijani, na hicho ndicho chakula cha kwanza cha perege. Zamisha mkono hadi kiwiko: kiganja kikionekana wazi, ongeza samadi, kikipotea kabla kiwiko hakijagusa maji, acha kwa wiki mbili. Juni na Julai maji ni ya baridi na samaki hula kidogo, usiwarundikie chakula kikaoza.

Yangeyange, korongo na mdiria watakuja wenyewe. Watakula samaki wako kiasi fulani, na mimi nawaachia. Ni sehemu ya starehe ya kukaa pale. Mnandi akija kwa makundi ni habari nyingine, hapo tandaza nyuzi juu ya maji.

Vuna samaki wengi kufikia Septemba, maji yakiwa bado yanatosha kuwahifadhi wanaobaki. Oktoba, bwawa likiwa chini, zoa tope na ulipeleke bustanini, fukia mashimo ya fuko na kenge kwenye tuta, na ufyeke utoro kabla ya mvua za Desemba.